Siku Nguchiro Alipoishiwa Uongo

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi hizo wanyama wakijenga nyumba, wakipika na kuamkiana asubuhi kama sisi, kulikuwa na kijiji kinaitwa Ukinduni. Wakazi wake wote walikuwa wadogo wa umbo: sungura, digidigi, kindi, pimbi, kanga, na nguchiro mmoja na mkewe. Kaeni vizuri mnisikilize, maana habari hii haichekeshi mwanzo hadi mwisho.

Ukinduni kulikuwa na mto, lakini kingo zake zilisimama wima kama ukuta. Pa kushuka kuchota maji palikuwa mahali pamoja tu, pakiitwa Mteremkoni. Na hapo hapo Mteremkoni ndipo alipolala Kiboko.

Alikuwa mkubwa, wanangu! Akilala anaziba njia nzima. Akipiga miayo unaona mpaka kooni. Ukimwambia, "Tupishe, Bwana Mkubwa, tuchote maji," anajibu, "Mto wangu." Ukirudia, anasimama. Akisimama, wewe kimbia.

Sasa mtaniuliza, "Kijiji kizima kilikunywa nini?" Kilikunywa maji ya mto ule ule, kwa sababu ya Nguchiro.

Nguchiro alikuwa mwembamba, mkia mrefu, macho yanachezacheza, miguu haitulii. Kazi yake ilikuwa moja. Kila asubuhi alishuka Mteremkoni akamdanganya Kiboko, na Kiboko akaondoka, na watu wakachota. Uongo mmoja kwa siku. Ulikuwa unakwenda hivi:

"Hodi! Hodi Mteremkoni!"

"Nani?"

"Mimi Nguchiro, Bwana Mkubwa. Alaa, kumbe upo! Nilidhani umeshakwenda."

"Kwenda wapi?"

"Hujasikia? Kule juu kwenye mawe amekuja fundi anapima vinywa. Mwenye kinywa kipana kuliko wote, jina lake linachongwa kwenye jiwe. Mamba ameshapimwa. Anavyojisifu, we!"

Kiboko macho yakamtoka. "Mamba? Kinywa cha Mamba kirefu, si kipana!"

"Ndivyo nilivyowaambia. Wakanicheka."

Chubwi! Kiboko akaingia majini, vuuu, vuuu, vuuu, huyoo anapanda na mkondo. Hapo vichakani wakatoka akina mama na akina baba na ndoo zao zikilia kwangwa! kwangwa! kwangwa! Wakajaza, wakapanda, wakapotea. Kiboko aliporudi, amelowa, anahema, Nguchiro alikuwa bado amekaa pale pale.

"Yuko wapi fundi?"

"Aa, pole sana. Ameondoka sasa hivi. Umemkosa kidogo tu!"

Watu walicheka huko juu mpaka maji yakamwagika. Miaka thelathini na miwili, wanangu, Nguchiro alifanya kazi hiyo bila kukosa siku, iwe mvua, iwe homa. Akipita njiani watu walisimama. Kwenye harusi sahani ya kwanza ilikuwa yake. Na yeye mwenyewe, akijitazama, hakuona kitu kingine. Aliona mtu anayekinywesha kijiji, basi.

Kisha miaka ikamfikia.

Ilianza na goti la kushoto. Halafu meno mawili ya mbele. Halafu, asubuhi moja, alisimama mbele ya Kiboko, akafungua mdomo, na uongo wenyewe haukuja.

"Bwana Mkubwa," alisema, "kuna... kule juu kuna..."

"Kuna nini?"

Vichakani watu walishika ndoo zao zisilie. Nguchiro alitafuta, akatafuta. Kichwani kulikuwa kweupe. Mwisho akashika kitu cha kwanza kilichopita.

"Kuna fundi. Anapima vinywa."

Kiboko alimtazama. Alimtazama muda mrefu, masikio yakicheza. Halafu akasema, "Aa. Fundi wa vinywa. Haya, ngoja nimuwahi." Akaingia majini taratibu, akaenda.

"Bado yumo!" watu walinong'onezana. "Mzee bado yumo!" Nguchiro akapanda na mkia juu.

Mwezi mmoja baadaye akateleza. Mteremkoni kulikuwa na utelezi, goti likakataa, akabiringika, bugudu bugudu bugudu, mpaka puani pa Kiboko. Kiboko hakumfanya kitu. Watu ndio waliokwenda kumchukua, sungura wawili wakamshika kwapa huku na huku, wakampandisha kama mgonjwa.

Jumamosi yake ubwabwa ukapikwa. Mwenyekiti wa kijiji, Digidigi, akasimama akakohoa.

"Mzee wetu," alisema, "umetunywesha maji maisha yetu yote. Wengine hapa tumezaliwa tumekukuta. Sasa tunasema, nawe kaa unywe. Umefanya kazi, pumzika."

Watu wakapiga makofi. Wakamletea kiti cha kuegemea na blanketi jipya. Nguchiro alikuwa ameandaa maneno ya kusema, lakini yaliyotoka yalikuwa haya tu: "Na kesho anakwenda nani?"



"Bi Kindi," alisema Digidigi.

Bi Kindi alikuwa mama wa watoto wanne, mwepesi, maneno mengi, mkia kama ufagio mpya. Akasogea akapiga goti. "Shikamoo, mzee. Nitajitahidi."

"Marahaba," alisema Nguchiro.

Alikuwa na mengi ya kumwambia. Alijua uongo upi Kiboko anaupenda, na jambo lipi huligusi kabisa. Lakini Bi Kindi hakuuliza, watu walikuwa wanakula na kucheka, naye akasema moyoni, "Wasiponiuliza, shauri yao."

Akabebewa kiti chake mpaka nyumbani.

*

Asubuhi ya kwanza aliamka jogoo hajawika. Akavaa. Akafika mlangoni, akakumbuka. Akasimama pale, mkono uko kwenye komeo.

"Rudi ulale, Baba Mshamu," alisema mkewe, Bi Siwema, kutoka kitandani.

"Silali. Nimeshaamka."

"Basi kaa."

Akakaa kwenye kiti chake barazani. Jua likachomoza. Watu wakaanza kupita na ndoo.

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba. Mnachelewa leo! Mwambieni Bi Kindi asikae upande wa upepo."

"Sawa, mzee!" Wakapita. Aliona wazi kwamba hawakusikia hata neno moja.

Baadaye kikaja kicheko kutoka mtoni. Kicheko kikubwa, cha watu wengi. Nguchiro akakisikiliza mpaka kikaisha. Kilikuwa kirefu kuliko vya kwake.

Siku zikafuatana, zote za aina moja. Akachoka kukaa, akaingia jikoni.

"Siwema, moto huu umeuwasha vibaya."

"Nimeuwasha hivi tangu hujaota ndevu."

"Na chumvi? Umetia chumvi? Na masufuria haya, kwa nini makubwa yako chini?"

Bi Siwema akaweka mwiko chini, akajifuta mikono kwenye nguo yake. "Baba Mshamu. Ulikuwa unaondoka alfajiri, unarudi adhuhuri. Mimi hapa nina maisha yangu. Nakupenda, lakini sikuomba msimamizi."

Akatoka jikoni. Hakurudi tena. Wala hakurudi kwenye chakula. Ugali ukawa unarudi kama ulivyokuja. Akawa anajifunika lile blanketi mchana, jua kali, akisema anasikia baridi. Mwanawe Mshamu alikuja kutoka ng'ambo ya msitu kumwona, akamuuliza unaumwa nini. Akasema, "Siumwi."

"Unataka nini basi, baba?"

"Sitaki kitu."

Na ilikuwa kweli. Hicho ndicho kilichomtisha. Zamani alikuwa akiamka anataka. Sasa aliamka, akahesabu saa mpaka kulala.

Na tena kuna jambo hakumwambia Mshamu, wala mkewe. Asubuhi moja, kicheko kilipopanda kutoka mtoni, alijikuta anaomba kimoyomoyo. Alikuwa anaomba Bi Kindi ashindwe. Ashindwe mara moja tu, mbele ya watu, ili waje mbio barazani kwake waseme, "Mzee, tusaidie." Alipojisikia anaomba hivyo, aliona haya. Lakini kesho yake aliomba tena.

*

Mwishowe akasema, "Nitakwenda mwenyewe."

Alikaa siku tatu anatunga uongo. Aliusema kimya kimya, akaurudia, asije akausahau. Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, wakati watu wote wamejilaza kwa joto, akachukua fimbo, akashuka Mteremkoni hatua moja moja.

Kiboko alikuwa pale. Nguchiro akasafisha koo.

"Hodi! Hodi Mteremkoni!"

Kichwa kikubwa kikageuka haraka. "Nani? Nguchiro! Karibu! Karibu sana! Umepotea!"

"Nilikuwa na shughuli. Bwana Mkubwa, nimekuja kukuonya. Nyuki wamehama huko msituni, wanakuja huku. Bonde zima limekuwa jeusi. Wanatafuta kitu kikubwa, cheusi, chenye maji maji, watue juu yake. Wewe, nikikutazama..."

"Mimi?"

"Ukikaa hapa mpaka jioni wanakufanya mzinga!"

"Mama yangu!" alisema Kiboko. "Ngoja nikimbie!" Chubwi! Akazama.

Nguchiro moyo ulimpasuka kwa furaha. Bado! Bado yumo! Akageuka apande akaite watu, waje waone, Digidigi aje, Bi Kindi aje aone kazi inavyofanywa. Hatua ya tatu goti likakataa. Akakaa chini kwenye udongo, akageuka nyuma kutazama mto.

Pale kwenye matete, kama hatua kumi tu kutoka Mteremkoni, kulikuwa na macho mawili na masikio mawili juu ya maji. Yametulia. Yanangoja.

Nguchiro akatazama. Macho yakamtazama. Sikio moja likacheza.

"Kiboko," aliita.

Masikio yakazama kidogo.

"Kiboko, nakuona."

Kiboko akajitokeza taratibu, maji yakimchuruzika mgongoni. Alikuwa na uso wa mtu aliyekamatwa.

"Ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa nangoja uondoke," alisema Kiboko. "Halafu nirudi."

"Hujaamini nyuki?"

"Mzee mwenzangu... nyuki wa wapi msimu huu?"

Nguchiro akaitwaa fimbo yake, akaishika kwa mikono miwili. "Tangu lini?"

"Achana nayo."

"Tangu lini?"

Kiboko akapuliza pumzi, phuuu, maji yakaruka. "Tangu mke wangu alipofariki. Miaka mitatu. Labda minne. Zamani ulikuwa unanidanganya kweli, usije ukadhani. Yule fundi wa vinywa wa mara ya kwanza, nilimtafuta mpaka machweo. Mke wangu alinicheka wiki nzima. Lakini siku hizi uongo wako... unaurudia, mzee. Unausahau katikati. Siku moja ulianza na simba ukamaliza na mvua."

"Kwa nini ulikuwa unaondoka?"

"Kwa sababu unapiga hodi." Kiboko akatazama pembeni. "Wenye ndoo hawanisemeshi. Wananiogopa, na nimefanya waniogope, najua. Tangu mwenzangu aondoke, sauti ninayoisikia asubuhi ni yako tu. Nikawaza, nikimwambia namjua, hatakuja tena. Ndiyo nikawa naondoka."

Nguchiro alihesabu moyoni. Miaka mitatu! Ule mkia juu, zile sahani za harusi, "mzee bado yumo." Yote yalikuwa ni kupewa. Alipewa kama anavyopewa kipofu njia.

Akauliza jambo moja tena, ingawa hakutaka jibu. "Na Bi Kindi?"

"Huyo ananidanganya kweli," alisema Kiboko. Sauti yake ikabadilika, ikawa nzito. "Ni hodari. Na nimemchukia. Jana unajua aliniambia nini? Aliniambia juu kule ameona kiboko jike, anauliza habari zangu."

"Hakusema hivyo!"

"Alisema. Nilimzika mke wangu mwenyewe, Nguchiro, ulikuwepo. Nilijua haiwezekani. Lakini miguu ilikwenda. Nilipanda mpaka kwenye maporomoko, nikaita. Nikakaa kule mpaka jua likapinduka, naita." Akafunga macho. "Mwambie. Kwa ajili yako, nasema mwambie. Akilitaja jambo la mke wangu mara nyingine, nitamkanyaga. Yeye na ndoo zao zote."

"Nitamwambia," alisema Nguchiro.

*

Hakumwambia.

Alipanda njia nzima akiwaza namna ya kusema. Amwambie nini Bi Kindi? "Kiboko ameniambia." Naye angeuliza, kwa nini akuambie wewe? "Kwa sababu ni rafiki yangu." Tangu lini? Na hapo ingebidi aseme yote, mbele ya Digidigi, mbele ya wale waliompigia makofi: kwamba miaka mitatu hakuwanywesha yeye, aliyewanywesha ni Kiboko mwenyewe kwa huruma yake.

Alimkuta Bi Kindi njiani, anakusanya kuni.

"Shikamoo, mzee! Umetoka mtoni?"

"Marahaba. Nilikwenda kunyoosha miguu."

"Mzee, jana nimepata uongo mmoja, acha! Alikaa huko nusu siku! Tumechota mpaka mitungi ya akiba."

Nguchiro alifungua mdomo. Bi Kindi alikuwa anacheka, macho yanang'aa, hajachoka, hajaumwa popote. Nguchiro akafunga mdomo.

"Vizuri," alisema. Akapita.

Jioni ile alijiambia atasema kesho, mapema, kabla hawajashuka. Asubuhi alikaa kwenye kiti chake, akawaona wanakuja, akamwona Bi Kindi mbele. "Shikamoo, mzee!" "Marahaba." Akawaona wanapita. Alikuwa na neno mdomoni, wanangu, hapa kwenye ulimi, na walikuwa karibu kiasi cha kuwashika nguo.

Wakapita.

Akangoja kicheko. Hakikuja.

Kilichokuja ni sauti moja, VUUUU! kama ardhi inapasuka. Halafu ndoo, kwangwara, kwangwara, kwangwara! Halafu mayowe.

"Siwema!" aliita. Akatupa blanketi. Akakimbia, wanangu, mzee yule, goti linapiga kelele, fimbo ameisahau, akaanguka mara mbili, akaamka.

Mteremkoni watu walikuwa wanaparamia kingo, wanateleza, wanarudi chini. Ndoo zimepondwa zimekuwa bapa. Kiboko alikuwa amesimama nje ya maji, mwili mzima, anatetemeka, kinywa wazi. Chini yake, kwenye matope, Bi Kindi alikuwa amelala, mguu mmoja umepinda pasipopindwa.

"Kiboko!" Nguchiro akapita katikati ya watu, akaenda akasimama kati ya kinywa kile na Bi Kindi.

"Toka! Amemtaja tena mke wangu!"

"Sitoki."

Watu wote wakamtazama. Aliona wanachongoja. Walingoja uongo. Mzee wao amefika, sasa atasema neno, na Kiboko ataondoka vuuu vuuu. Hata Bi Kindi, pale alipolala, alikuwa anamtazama hivyo.

Nguchiro akatafuta ndani yake. Hakukuwa na uongo wowote. Kulikuwa na kitu kingine, na kilikuwa kichungu.

"Kosa si lake," alisema kwa sauti. "Hakujua habari za mke wako. Mimi nilijua. Uliniambia jana nimwonye, nikaahidi. Nimekutana naye mara mbili, sikusema."

Kiboko akafunga kinywa kidogo. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ningemwambia, ingebidi waje wajue." Akawageukia wanakijiji. "Miaka mitatu simdanganyi huyu. Uongo wangu ulikwisha siku nyingi. Alikuwa anaondoka kwa kunihurumia, nanyi mnapiga makofi. Na nilitaka Bi Kindi ashindwe. Nilikuwa naomba ashindwe. Basi, ndiyo hayo."

Digidigi alikuwa ameshika pembe zake kwa mikono miwili.

Kiboko alisimama pale muda mrefu. Hasira ikamtoka polepole, na ilipotoka alionekana mzee kuliko Nguchiro. "Mchukueni," alisema, "mkamfunge mguu." Kisha akasogea kando, akakaa kwenye kina kifupi, Mteremkoni pakawa wazi. Hakuna aliyemwambia asogee.

Watu walimbeba Bi Kindi. Walipompita Nguchiro waliinamisha macho. Hakuna aliyemwamkia.

*

Mguu ulipona, lakini ulipona vibaya. Fundi wa mifupa alimwambia Bi Kindi kwamba hatapanda mti tena. Kindi asiyepanda mti, wanangu! Mumewe akajenga kibanda cha chini, wakahamia hapo na watoto wao wanne.

Nguchiro alikwenda kumtazama siku ya tatu. Alimkuta amelala, uso ukutani.

"Ulijua," alisema Bi Kindi bila kugeuka.

"Nilijua."

"Na uliniona nikicheka."

"Nilikuona."

"Toka kwangu, mzee."

Akatoka. Lakini kesho yake alichukua ndoo. Maisha yake yote hakuwahi kubeba ndoo, maana mwenye kumdanganya Kiboko hachoti. Akachukua ndogo, ya mkewe ya kuoshea mboga. Akashuka Mteremkoni, akapiga hodi, akachota, akapanda kwa kupumzika mara nne, akaiweka mlangoni kwa Bi Kindi, akaondoka bila kubisha. Akafanya hivyo kila siku. Siku za kwanza maji yalimwagwa. Baadaye hayakumwagwa.

Huko mtoni, kabla ya kuchota, alikuwa anakaa kidogo na Kiboko. Hawakuwa na mengi. Waliongea habari za magoti na meno. Siku nyingine Kiboko alimtaja mkewe, jinsi alivyokoroma, na Nguchiro akasikiliza. Watu walichota kando yao. Hakuna aliyedanganywa, na wala hakuna aliyecheka. Vile vicheko vya zamani havikurudi Ukinduni.

Nyumbani alianza kula. Si sana. Bi Siwema alimwona siku moja anapepeta mchele bila kuambiwa, akamsogezea ungo mwingine.

Masika yakapita. Asubuhi moja Nguchiro alipoinama kuweka ndoo, mlango wa Bi Kindi ukafunguka. Alikuwa amekaa chini, mguu mbele, nywele za mkia zimenyonyoka.

"Mzee," alisema.

"Naam."

"Siku ile ya kwanza walipokwambia pumzika. Ulifanyaje?"

Nguchiro akaweka ndoo chini. Alifikiri. "Vibaya," alisema. "Nilifanya vibaya sana. Niliamka usingizini nikavaa. Nikakaa barazani nawachukia wanaopita. Nikamwambia mke wangu hajui kuwasha moto."

Bi Kindi akatazama mikono yake. "Mimi jana nimemwambia mume wangu hajui kupika maharage. Halafu nimelia. Nasikia watoto wanacheza juu ya mti, natamani waanguke. Wanangu mimi mwenyewe, mzee!"

"Najua."

"Inaisha?"

Kama angekuwa Nguchiro wa zamani angempa uongo mzuri, mtamu, wa kumfanya aondoke anatabasamu. "Haiishi," alisema. "Inapungua. Na inapungua ukiisema. Mimi sikuisema, wewe ndiye uliyeumia."

Hakusema amemsamehe. Hakusema siku ile, na sijasikia kama aliwahi kusema. Alishika ukuta, akasimama kwa mguu mmoja na nusu.

"Nishike mkono," alisema. "Nataka kwenda mtoni kumwomba Kiboko radhi kwa habari ya mkewe."

Wakashuka, huyu anachechemea kulia, yule kushoto, polepole mno, kanga wawili wakawapita, kobe mgeni akawapita. Na kila aliyewapita aliwaamkia wote wawili, nao wakaitikia.

Basi, wanangu, mimi naishia hapo, na ninachotaka mkishike ni kimoja: nguvu zako zikiisha, sema zimeisha, maana ukificha kwa aibu atakayeumia ni mwingine.